Mafundi wa Redio wa Isiolo: Historia ya Ukarabati Mwishoni mwa Lami

Kwa miongo mingi lami ilikomea Isiolo. Kutoka Nairobi hadi hapo ni kilomita zisizofika 300, na msafiri aliyeondoka asubuhi alifika siku hiyohiyo. Kutoka hapo hadi Moyale, kwenye mpaka wa Ethiopia, kulikuwa na kilomita 500 hivi za changarawe, mawe na vumbi, na watu walisafiri juu ya malori. Kazi ya kutengeneza redio na vyombo vingine vya sauti katika mji huu ilikuzwa na umbali huo. Redio iliyonyamaza Merti au Garba Tula ililetwa Isiolo, na fundi aliyekosa spea alikuwa na njia mbili: kuagiza Nairobi kwa mkono wa dereva, au kuibuni spea yenyewe kwa alichonacho. Sehemu kubwa ya historia ya kazi hii ni historia ya hiyo njia ya pili.

Mji ulikuzwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920. Ukawa makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, NFD, na pia kituo cha karantini ambapo ng'ombe wa kaskazini walizuiliwa na kuchunguzwa maradhi kabla ya kuruhusiwa kushuka kwenye masoko ya kusini. Wasomali waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa makazi hapo, na pamoja nao wakakusanyika Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Kaskazini yote ilikuwa eneo lililofungwa. Aliyetaka kuingia au kutoka alihitaji kibali.

Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini uliwalenga walowezi, na redio ya vali haikuwa chombo cha kupakiwa juu ya ngamia. Pasipo umeme ilihitaji betri mbili: moja ya volti chache ya kupasha nyuzi za vali, na nyingine nzito ya volti 90 hivi ya kuendesha sauti. Betri hiyo ya pili ilipoisha, redio iligeuka kuwa samani. Vyombo hivyo vilikaa katika nyumba za maofisa na maduka machache ya wafanyabiashara, na matengenezo yake yalimaanisha kuchomoa vali iliyoungua na kuchomeka nyingine. Vali ilikaa kwenye tundu lake kama balbu, kwa hiyo mtu hakuhitaji kujua kulehemu ili abadilishe. Ufundi wenyewe ulikuwa bado haujaanza.

Ulianza na transista. Redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani ilitoka Marekani mwaka 1954. Sony ya Japani ikafuata mwaka 1955, na muda si mrefu redio ndogo za Kijapani na Kiholanzi zikaenea Afrika Mashariki. Zilikula mawe, yaani betri kavu, manne au sita ya kawaida na kubebeka begani kwa mkanda wa ngozi. Kwa bahati, vipindi vya kusikiliza navyo vilikuja wakati huohuo. Mwaka 1957 BBC ilianzisha idhaa ya Kiswahili na ile ya Kisomali katika majira yaleyale ya kati ya mwaka, na mwaka 1963 Deutsche Welle ya Ujerumani ikaongeza Kiswahili chake. Mfugaji wa Isiolo aliyeuza fahali karantini aliweza sasa kurudi malishoni na habari za dunia mkononi, kwa lugha anayoielewa.

Kisha redio ikawa jambo la siasa. Wakati wa uhuru Wasomali wengi wa NFD, na baadhi ya Waborana wa Isiolo, walitaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kaskazini, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi mwaka 1967. Redio Mogadishu ilikuwa silaha katika vita hivyo, na Sauti ya Kenya ilijibu kwa matangazo yake. Kwamba mawimbi yalihesabiwa kuwa sehemu ya mapigano kunaonekana katika mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia: pande zote mbili zilikubali kuacha propaganda za uhasama redioni na magazetini. Sheria za dharura zilibaki vitabuni hadi mwaka 1991.

Vita hivyo viliwaumiza wafugaji wa Isiolo kuliko kingine chochote katika karne hiyo. Watu walikusanywa katika vijiji vya kulindwa, mifugo ikapigwa risasi au ikafa kwa kukosa malisho, na familia nyingi zilizopoteza kila kitu zikahamia mjini. Mwanaanthropolojia wa Uswidi Anders Hjort, ambaye kitabu chake kuhusu Isiolo kilitoka mwaka 1979, alieleza jinsi watu wa mji huo walivyoishi kwa miguu miwili, mmoja mjini na mwingine malishoni. Mkazi aliyekuwa na kazi ndogo mjini alikuwa na ndugu kwenye fora, kambi za mbali za mifugo, na vitu vilipita kati yao pande zote: maziwa na mbuzi kuja mjini, sukari, majani chai na redio kwenda kambini. Kijana asiye na mifugo wala elimu ya juu alihitaji kazi isiyodai mtaji. Bisibisi, kisu, koleo na kipande cha shaba cha kulehemu vilitosha kuanzia.

Kipande hicho cha shaba kinastahili maelezo, maana umeme wa mjini haukufika mitaa yote na mahali pengi haukuwapo kabisa. Fundi alichukua nondo ndogo ya shaba iliyochongwa ncha, akaichomeka kwenye mpini wa mbao na kuizika ndani ya makaa ya jiko. Ilipopata moto wa kuyeyusha risasi, aliifuta kwenye kitambaa na kugusa kiungo. Hapakuwa na kipimo cha joto ila jicho. Ikipoa mno, risasi inaganda kwa madonge na kiungo hakishiki. Ikizidi moto, inaunguza bodi. Kwa transista za mwanzo, zilizotengenezwa kwa jerimani, hatari ilikuwa kubwa zaidi: sekunde chache za joto lililozidi ziliweza kuiua transista nzima. Mafundi walijifunza kubana mguu wa transista kwa koleo wakati wa kulehemu, ili joto lipotelee kwenye chuma kabla halijafika ndani.

Jerimani ilikuwa na kasoro nyingine ambayo Ulaya haikusumbua sana, lakini nyanda za joto iliumiza. Umeme huvuja ndani yake, na uvujaji huo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi kumi hivi. Redio iliyoachwa juani nje ya manyatta saa nane mchana ilianza kukoroma na kupoteza sauti, kisha ikapona yenyewe usiku. Mwenye redio aliyeileta kwa fundi asubuhi, hewa ingali baridi, alikuta haina ubaya wowote. Tatizo hilo lilimalizwa na viwanda, si na mafundi: kufikia miaka ya 1970 silikoni ilikuwa imeshika nafasi ya jerimani, nayo huvumilia joto vizuri zaidi.

Chanzo kikubwa cha kazi kilikuwa mawe ya redio. Kiwanda cha Eveready kilianza Nakuru mwaka 1967, na mawe yake yakafika kila duka la kijijini. Jiwe la aina hiyo limefungwa ndani ya kopo la zinki, na zinki hiyohiyo ndiyo inayoliwa umeme unapotoka. Jiwe likikaribia kuisha, kopo hutoboka na uji wa chumvi hutiririka kwenye springi na vibati vya redio. Watu wa kaskazini, ambao mawe mapya kwao yalikuwa gharama ya kufikiriwa, walikuwa na desturi ya kuyaanika juani, au kuyatoboa kwa msumari na kuyatia maji ya chumvi, ili yatoe saa chache zaidi za habari. Mbinu hizo hufanya kazi kwa muda mfupi, maana joto na unyevu huamsha kemikali iliyochoka, lakini ndizo hasa zinazoharakisha kuvuja. Kwa ufupi, ubahili wa mwenye redio ulimlisha fundi.

Tiba ilikuwa rahisi na ilifanywa mbele ya mteja. Fundi alikwangua kutu ya kijani kwa kisu, akasugua kibati kwa msasa, akafuta kwa spiriti. Springi iliyokatika ilibadilishwa na nyingine ya kalamu, au nafasi ikazibwa kwa karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Uji ulipokuwa umefika kwenye bodi na kula njia nyembamba za shaba, alichuna uzi mmoja kutoka kwenye waya wa umeme na kuulehemu juu ya pengo. Nyumba ya mawe ilipokuwa imeoza kabisa, waya mbili zilitolewa nje na mawe makubwa yakapangwa kwenye boksi la karatasi lililofungwa kwa mpira mgongoni mwa redio. Redio ndogo ikabeba mzigo mzito kuliko yenyewe, lakini ikadumu kwa wiki nyingi zaidi bila kununuliwa mawe. Huo haukuwa ukarabati duni. Ulikuwa marekebisho bora kuliko ubunifu wa kiwanda.

Vumbi lilileta wateja wengine. Lilijipenyeza kwenye kitufe cha volyumu, ambacho ndani yake kuna njia ya kaboni na mguu unaotambaa juu yake, na sauti ikawa inakwaruza kila kikizungushwa. Tone la spiriti au petroli lilisafisha. Njia iliyochakaa ilipakwa risasi ya penseli, ambayo nayo ni kaboni. Liliingia pia kwenye swichi ya kubadilisha masafa, na hiyo kwa msikilizaji wa kaskazini ilichoka mapema, kwa sababu alihama kila siku kati ya masafa ya kati ya Sauti ya Kenya na masafa mafupi ya idhaa za nje. Uzi wa kuendesha mshale wa stesheni ulipokatika, ulisukwa upya kwa nailoni ya kuvulia samaki. Antena iliyovunjika ilipata nyongeza ya spoku ya baiskeli, na hakuna aliyelalamika ilimradi London inasikika.

Katika spika vumbi lilikuwa na ujanja wake. Mchanga una chembe nyeusi za chuma, nazo huvutwa na sumaku hadi ndani ya ufa mwembamba ambamo koili hucheza. Koili inaanza kusugua, na sauti inakuwa ya mtu mwenye mafua. Fundi alikata kwa wembe kofia ndogo iliyo katikati ya koni, akaingiza ukanda wa karatasi ya gundi na kuzivua chembe moja moja, kisha akairudisha kofia. Koni iliyopasuka au kutafunwa na mende ilizibwa kwa karatasi laini na gundi iliyozimuliwa. Hapo ndipo fundi stadi alipotofautiana na mbabaishaji: kiraka kinene huongeza uzito wa koni na kuififisha sauti, wakati kiraka chepesi hakisikiki kabisa.

Kanda ilibadilisha kila kitu. Philips ilionyesha kaseti yake mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 na 1980 redio kaseti ikawa chombo cha heshima kaskazini mwa Kenya. Kwa Wasomali ilikuwa zaidi ya muziki. Mashairi ya kisiasa yalisambaa kwa kanda zilizonakiliwa kutoka mkono hadi mkono, na familia zilizotawanyika kati ya pembe ya Afrika na Ghuba zilitumiana barua za sauti. Waborana nao walirekodi nyimbo zao. Redio ikikohoa, mtu hukosa taarifa ya siku moja. Redio kaseti ikila kanda, sauti ya ndugu aliye Jeddah imepotea.

Kwa hiyo kazi hiyo ilitaka mikono makini zaidi. Kanda ina upana usiofika milimita nne na hupita mbele ya hedi inayoisoma kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Kasi hiyo ikipungua kidogo tu, sikio linatambua. Mkanda wa mpira unaounganisha mota na magurudumu hulegea kwa joto, na joto Isiolo si la kutafutwa. Mafundi walikata pete kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Pete hizo ziliendesha mashine, lakini hazina unene sawa pande zote, na sauti ya mwimbaji ikawa inapanda na kushuka kila mzunguko. Mteja wa habari aliridhika. Mteja wa muziki alisubiri mkanda halisi kutoka Nairobi. Rola iliyokuwa imeteleza kwa utando wa kanda ilisuguliwa kwa msasa laini. Hedi ilisafishwa kwa pamba iliyozungushiwa kijiti cha kiberiti na kuchovywa kwenye spiriti, na pamba ikatoka ya kahawia, rangi ya unga wa kanda wenyewe.

Kando ya hedi kuna skrubu ndogo inayopanga mlalo wake dhidi ya kanda. Kuikaza au kuilegeza robo ya mzunguko huitoa sauti gizani, na hapo mteja humwona fundi kuwa mganga. Ila mbinu hiyo ina hila. Hedi iliyopangwa kwa kufuata kanda moja iliyorekodiwa vibaya huzifanya kanda nyingine zote zisikike kama ziko ndani ya mtungi. Wateja hawakujua hivyo, na baadhi ya mafundi hawakuwa na haraka ya kuwaambia.

Vyombo vya mtumba vilifika kwa njia kadhaa. Iliyokuwa karibu zaidi ilianzia kibandani kwenyewe. Tangazo la kwamba kifaa kisichochukuliwa baada ya muda fulani kitauzwa ni la kawaida katika vibanda vya mafundi kote Kenya, na kwa mji wa wafugaji lilikuwa na uzito wa pekee: mtu anaweza kuacha redio leo, ukame ukampeleka mbali na mifugo, na akarudi baada ya mwaka. Njia nyingine ilikuwa watumishi wa serikali na wanajeshi, ambao Isiolo imejaa kambi zao. Anayehamishwa huuza vitu vizito kabla ya kuondoka. Njia kubwa kuliko zote ilipita Somalia. Wahamiaji waliofanya kazi Ghuba walipeleka bidhaa nyumbani badala ya fedha, na redio kaseti za Kijapani zilivuka mpaka kwa malori. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, wafanyabiashara wengi walihamia Eastleigh, Nairobi, na Kenya ilipoondoa vibali vya uagizaji na udhibiti wa fedha za kigeni mnamo 1993, mkondo ukageuka: sasa bidhaa zilipanda kutoka kusini.

Mtumba wa ng'ambo una magonjwa yake. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120, na wa Kenya 240. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Ghuba mara nyingi vilikuwa na swichi ndogo nyuma ya kuchagulia volti; ilipobaki kwenye 110, chombo kilikufa dakika kilipochomekwa. Ndani ya transfoma nyingi kuna fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya karatasi, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyokatika, si koili. Aliyeunganisha waya mtupu mahali pake alirudisha sauti na kuacha hatari ya moto nyumbani kwa mtu. Aliyetia fyuzi nyingine alitoza zaidi, na ndiye aliyestahili kulipwa.

Redio za magari yaliyotumika Japani zilileta kitendawili kingine. Huko FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na stesheni za Kenya nyingi ziko juu ya hapo. Redio nzima, isiyo na hitilafu hata moja, ilifika Isiolo ikiwa kiziwi. Dawa yake ni kisanduku kidogo kinachowekwa kwenye waya wa antena, ambacho hushusha mawimbi hadi yaingie ndani ya uwezo wa redio. Namba inayoonekana kwenye kioo haiwi ya stesheni tena, na dereva hujifunza kukariri. Stesheni za mjini zenyewe, kama Radio Shahidi ya Kanisa Katoliki na Baliti FM, zilipozuka, haja hiyo iliongezeka.

Ujuzi ulirithishwa kwa kukaa kando ya fundi, kufagia, kufungua skrubu na kuangalia. Serikali ilikuwa na mitihani yake ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza, na mwaka 1992 ilitoa waraka wa sera kuhusu jua kali, yaani sekta ya mafundi na biashara ndogondogo, lakini cheti hakikuwa sharti la kufungua kibanda. Shule halisi ilikuwa redio mfu zilizorundikwa chini ya meza. Chombo kilichokufa kabisa hakikutupwa. Kilitoa kapasita, vitufe, spika na skrubu kwa miaka mingi, na fundi alijua kwa kumbukumbu kilichomo ndani ya kila kimoja.

Lami ilianza kuvuka Isiolo kuelekea Merille mwaka 2007, na kufikia 2017 ilikuwa imefika Moyale. Spea za Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki wa Nairobi, zikawa safari ya siku moja hata kwa miji ya kaskazini zaidi, lakini barabara hiyohiyo ilileta redio mpya za Kichina zenye bei iliyokaribiana na gharama ya kutengeneza ya zamani. Simu ya mkononi ikaja na redio yake ndani, na mafundi wengi wakageukia vioo na chaji za simu. Mwaka 2014 kiwanda cha mawe cha Nakuru kilifungwa. Sola ilikuwa tayari imeingia manyatta.

Kilichobaki kwenye meza ya fundi wa redio ni spika, amplifaya za misikitini, makanisani na harusini, redio za magari, na woofa ambazo saketi zake ndogo za sauti, kama TDA2030, huungua na kubadilishwa kwa bei nafuu. Redio kaseti za zamani bado zinaletwa, kwa sababu spika zake ni nzuri kuliko za sasa. Fundi hung'oa mashine ya kanda yote, pamoja na mota, hedi na rola, na kwenye tundu lake hupachika bodi ndogo ya USB na memori kadi inayotumia volti tano. Mteja huondoka na sanduku la miaka ya 1980 linalopiga nyimbo zilizopakuliwa juzi.